Programu ya stoo ya mwaka 1996 iko kwenye DOSBox, kompyuta mpya ni Windows 11: naihamishaje bila kuvuruga madeni ya wateja?

MhasibuGerezani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla la spea za malori hapa Gerezani, Kariakoo. Mauzo, stoo na madeni ya wateja vyote viko kwenye programu moja ya skrini ya bluu iliyoandikwa mwaka 1996. Aliyeiandika ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na hakuna aliyerithi madaftari yake. Zamani ilikuwa inafunguka moja kwa moja kwenye Windows. Zilipokuja mashine za biti 64 ikagoma, kijana mmoja akatuwekea DOSBox, yaani emuleta, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS, juu ya Windows 7, tukaendelea na kazi. Kompyuta tatu zinatumia folda moja: ya kaunta, ya stoo na ya ofisini kwangu.

Sasa bosi amenunua kompyuta mpya ya Windows 11. Nilipobofya faili la programu ikasema haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Na hata tukiweka DOSBox, mashine mpya haina lile tundu pana la printa, wakati invoisi tunachapa kwa Epson LQ-300 kwenye karatasi za nakala tatu: nyeupe ya mteja, pinki ya stoo, njano inabaki kwangu. Madereva wanaobeba mzigo kwenda mikoani hawaondoki bila ile nyeupe.

Kuna mengine mawili yananisumbua. Umeme ukikatika ghafla, ukirudi kuna bidhaa hazionekani tukizitafuta kwa namba, ingawa ukishuka kwenye orodha moja moja unazikuta. Pia kaunta na stoo wakifungua bidhaa moja kwa wakati mmoja, mauzo ya mmoja wao hayahesabiki.

Bosi anauliza tuihamishe kama ilivyo au tununue programu mpya tuanze upya. Mle ndani kuna madeni ya wateja ya miaka na miaka, na hesabu zikienda kwa mkaguzi saini ni yangu. Naombeni mwongozo. Kwenye folda naona mafaili mengi ya .DBF na .NTX, na moja la .EXE.

Kijana_wa_Sinza

Dada, usijitese. Fungua hizo DBF kwenye Excel, toa CSV (faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), nunua programu ya kisasa ya mauzo, pakia bidhaa na wateja, siku inayofuata mnauza. Programu ya DOS ikiharibika leo hakuna wa kuitengeneza.

Fundi_DBF_Keko

Marahaba binti, pole na majukumu. Naandika na kutunza programu za aina hiyo tangu enzi za disketi, na wateja wangu wengi wako hapo hapo Gerezani na kandokando ya barabara ya Pugu, kwa hiyo ulichoeleza nakifahamu vizuri.

Kwanza ondoa hofu kuhusu data. Hiyo ni programu ya Clipper, lugha ya kuandikia programu za DOS, hizo .NTX ndizo zinazoniambia. Ingekuwa FoxPro ungeona .IDX au .CDX, ingekuwa dBase ungeona .NDX au .MDX. Kila kitu chenye thamani kiko kwenye .DBF, na DBF ni muundo ulio wazi kabisa, unasomeka hata na programu za bure kama LibreOffice.

Hilo la bidhaa kutoonekana baada ya umeme kukatika linaelezeka. NTX ni indeksi, kazi yake ni kama ya faharasa nyuma ya kitabu: inakuonyesha namba fulani iko ukurasa gani, lakini maandishi yenyewe yako kwenye DBF. Umeme ukikatika katikati, ukurasa umeshaandikwa na faharasa haina habari. Hakuna kilichopotea. Tafuta kwenye menyu mahali pa kujenga indeksi upya, wote watoke kwenye programu, uiendeshe ukiwa peke yako. Na mashine inayobeba ile folda iwe na UPS (betri ya dharura), pamoja na swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zenu. Watu wengi husahau swichi: kompyuta inabaki hai, swichi inazima, kaunta anakatwa katikati ya kuandika vilevile.

Hili la mauzo kutohesabika ndilo linalonitia wasiwasi, na nakuomba umweleze bosi leo. DOSBox ya kawaida ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya zamani, na wenyewe walioitengeneza wanasema hivyo. Programu ya Clipper inayotumiwa na watu wengi, ikitaka kubadilisha salio la bidhaa, huomba kwanza rekodi ifungwe ili mwingine asiiguse. Ombi hilo hupelekwa kwa DOS, na DOSBox ya kawaida haina huduma hiyo. Sasa angalia: kaunta anasoma salio ni 10. Stoo naye anasoma 10. Kaunta anauza 2, anaandika 8. Stoo anatoa 1, anaandika 9. Zile 2 zimetoka dukani na kwenye leja hazijatoka. Kinga aliyoiweka marehemu ipo ndani ya programu, ila chini yake hakuna anayeitikia.

Kwa hiyo hata bosi asingenunua mashine mpya, kwenye DOSBox hiyo mlitakiwa kutoka. Kuna vDos, iliyotengenezwa mahsusi kwa programu za biashara za DOS ndani ya Windows. Kuna DOSBox-X, tawi la DOSBox lililoongezewa kufunga rekodi na kuchapa. Windows 11 haina toleo la biti 32, na Windows ya biti 64 haipokei programu za biti 16, ndiyo maana ulipobofya ikakataa. Mashine yenu ni nzima. Mpaka mtakapobadilisha, kompyuta moja tu ndiyo iandike na nyingine mbili ziangalie. Najua foleni itakuwa ndefu kaunta, lakini kila siku mnayoandika watu watatu mnaongeza makosa ambayo baadaye utayatafuta wewe.

Kijana wangu wa Sinza, ushauri wako una nia njema, ila kwa spea ni hatari. CSV ukiifungua kwenye Excel bila kuiambia kwamba safu ile ni maandishi, namba ya spea 004512 inakuwa 4512. Namba kama 3E10 inageuka 30,000,000,000. Yenye kistari kama 5-12 inageuka tarehe. Namba ndefu kupita tarakimu 15, zinazozidi zinakuwa sifuri. Halafu faili limehifadhiwa, ile ya awali imefunikwa, na hakuna atakayejua mpaka dereva apewe bushi isiyo yake.

Binti, kabla sijasema tununue au tuhame, nijibu jambo moja, na ulijibu kwa kukaa na watu wa kaunta na stoo: ni mazoea gani mnayo kwenye hiyo programu ambayo mgeni akikaa kwenye kiti chenu hawezi kuyajua? Programu iliyotumika tangu 1996 imeshajengewa desturi pembeni yake. Hizo hazimo kwenye EXE wala kwenye DBF, na ndizo zinazoua uhamishaji.

MhasibuGerezani

Mzee wangu, nashukuru sana. Tangu jana mwenye kuandika ni kaunta peke yake. Wamelalamika, bosi amewaelewesha.

Nimekaa nao jioni baada ya kufunga duka, na mambo yaliyotoka mengine hata mimi sikuyajua.

Bei ikifika milioni kumi, programu inaandika nyota tupu. Kwa hiyo giaboksi na vitu vikubwa tunaviingiza kwa mistari miwili. Giaboksi ya 12,400,000 ina namba mbili, moja inaishia A na nyingine B, kila moja 6,200,000. Ukiuza unaandika zote mbili.

Mteja namba 999 ni keshi. Hana jina, mauzo yote ya taslimu yanaingia kwake.

Mteja asiyelipa tunamwekea herufi Z mbele ya jina ili ashuke chini kabisa ya orodha na kaunta asimkopeshe. Anayelipa tena tunaiondoa.

Kuna bidhaa tulizozifuta miaka mingi iliyopita kwa sababu hatuagizi tena. Na VAT ilipotoka asilimia 20 kwenda 18, marehemu alikuja kubadilisha mahali fulani, hakuna anayekumbuka ni wapi.

Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zinatoka kwenye mashine yake pembeni, hazihusiani na programu. Tunaandika mara mbili.

Riboni_Aggrey

Dada, mimi niko upande wa printa. LQ-300 yako ni nzima, usiitupe. Ila usinunue kebo ya kugeuza USB kuwa lile tundu pana ukidhani umemaliza: Windows inaiona kama tundu la USB, haiioni kama LPT1, jina ambalo DOS inaliita lile tundu pana, na programu ya DOS inapeleka maandishi LPT1 tu. Ukitumia DOSBox-X au vDos alizosema mzee, zenyewe zinapokea kinachokwenda LPT1 na kukipeleka kwenye printa ya Windows. Hapo ile kebo inakubali, au unatafuta LQ-350, hiyo ina USB na lile tundu pana vyote.

La msingi, maandishi yapite yakiwa ghafi. Programu yenu inatuma alama za Epson ndani ya maandishi, mfano herufi namba 15 inayobana maandishi yawe membamba ili safu zote ziingie kwenye karatasi. Ukiruhusu Windows igeuze ukurasa kuwa picha, printa inakwenda polepole na mistari inahama, jumla inaangukia nje ya kisanduku chake. Weka draiva ya Generic / Text Only, chapa invoisi moja yenye mistari mingi, ilinganishe na ya zamani kwa kuziweka juu ya dirisha zipitishe mwanga.

Asikudanganye mtu na leza. Leza haigongi karatasi, nakala ya pinki na ya njano zitatoka tupu.

Fundi_DBF_Keko

Ahsante Riboni, umemaliza habari ya printa.

Binti, ulichoandika hapo juu kina thamani kuliko kompyuta mpya. Kichape, wape kaunta na stoo wasome, waongeze. Sasa naweza kukujibu.

Hizo nyota ni fildi ya bei, yaani nafasi ya kuandikia bei, imejaa. Bila shaka marehemu aliipa nafasi 10 na desimali mbili. Toa nafasi mbili za senti, toa moja ya nukta, zinabaki 7, yaani mwisho wake shilingi 9,999,999. Mwaka 1996 hiyo ilikuwa bei isiyofikirika kwa spea moja. Kijana angepakia bidhaa zenu kwenye programu mpya kama zilivyo, giaboksi 5 zingekuwa 10 kwenye idadi, na siku ya kwanza kaunta angeuza A peke yake kwa nusu bei kwa sababu programu mpya haina mazoea yenu. Kwa hiyo toa orodha ya namba zote zinazoishia A na B. Linganisha idadi. Pale ambapo A ni 5 na B ni 4, kuna mtu aliandika mstari mmoja akasahau wa pili, nenda stoo mkahesabu kwa mkono kabla hamjahamisha. Zikilingana, idadi chukua ya A, bei jumlisha A na B.

Z nayo usiihamishe ikiwa sehemu ya jina. Kwenye programu mpya iwe alama ya kuzuia mkopo, na jina libaki safi, la sivyo wale kina Zuberi na Zainabu watachanganyikana na wadaiwa sugu.

Bidhaa mlizofuta bado zimo. Kwenye DBF, kufuta ni kuweka nyota kwenye baiti ya kwanza ya rekodi. Rekodi hai ina nafasi tupu hapo. Haiondoki kweli mpaka mtu aendeshe amri ya PACK, na sidhani kama kuna aliyefanya hivyo. Baadhi ya vyombo vya kusoma DBF vinaruka zenye nyota, vingine vinazileta zote kana kwamba ziko hai. Hakikisha unajua chako kinafanya nini, kwa kuangalia bidhaa moja unayojua ilifutwa.

Kuhusu VAT: viwango vilibadilika Julai 1, 2009. Usikubali programu mpya ikokotoe upya kodi ya invoisi za zamani. Chukua kiasi cha kodi kilichoandikwa kwenye rekodi, kihamishe kama kilivyo. Mahali alipobadilisha marehemu patajulikana tu: fungua mafaili madogo ya DBF yenye rekodi moja au mbili, mara nyingi kuna moja la mipangilio lenye jina la kampuni, namba ya invoisi inayofuata na kiwango cha kodi. Usipokuta 18 humo, basi ilichomekwa ndani ya EXE.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe. Mimi ningetenganisha mambo mawili ambayo watu wanayafanya siku moja: kubadilisha mashine, na kubadilisha programu. Anza na mashine. Programu ile ile ya marehemu, data ile ile, juu ya vDos au DOSBox-X kwenye kompyuta mpya. Watu wa kaunta hawatajifunza kitu kipya, na kosa likitokea unajua ni la emuleta au la mtandao. Kwenye mtandao kuwa macho: Windows ya kompyuta inayosoma folda ya mwenzake hupenda kushika sehemu ya faili kwenye kumbukumbu yake ili iende haraka, na mafaili ya DBF yanayoandikwa na watu kadhaa huvurugika hivyo. Fundi wa mtandao aizime tabia hiyo kwa folda hiyo moja. Kisha mjaribu kwa makusudi: kaunta na stoo wafungue bidhaa moja kwa pamoja, wa pili azuiliwe. Asipozuiliwa, hamjahama bado.

Kabla ya kunakili, hakikisha mafaili ni mazima. Kichwa cha DBF kinajieleza: ukianza kuhesabu na sifuri, baiti 4 hadi 7 ni idadi ya rekodi, 8 na 9 ni urefu wa kichwa, 10 na 11 ni urefu wa rekodi moja. Tuseme la bidhaa lina rekodi 4,210 za baiti 96, na kichwa cha baiti 418. 4,210 mara 96 ni 404,160. Ongeza 418, ongeza baiti moja ya kufunga faili, Windows inatakiwa ikuonyeshe 404,579. Faili likiwa kubwa kuliko hapo, kuna rekodi zilizoandikwa umeme ukakatika kabla idadi haijasahihishwa, na hizo ni kazi halisi ya mtu. Likiwa dogo, sehemu ya mwisho imekatika. Fanya hivyo kwa kila DBF. Ni kazi ya kuchosha, na sijaona njia ya mkato ninayoiamini.

Programu mpya ije baadaye, na hapo mziendeshe zote mbili kwa mwezi mzima, mpaka mfunge mahesabu. Unaye shahidi wa tatu ambaye hamjamtumia: ripoti ya Z ya EFD kila jioni, ile ya jumla ya mauzo ya siku. Mauzo ya programu ya zamani, ya mpya, na ya Z yakutane. Ripoti hiyo haijui mambo ya A na B wala mteja 999, kwa hiyo ikitofautiana na nyingine mbili inakuonyesha mahali pa kuchimba. Madeni yahamishe invoisi kwa invoisi pamoja na tarehe zake, usilete salio moja la jumla, maana umri wa deni ndio bosi anaoutumia kuamua nani akopeshwe. Na kila mdaiwa mkubwa mpelekee barua ya salio aisaini.

Tafuteni pia mafaili ya .PRG, kwenye disketi za marehemu au kwa familia yake, kwa adabu. Hiyo ndiyo programu yenyewe kabla haijawa EXE. Yakipatikana, kuna Harbour, programu ya bure inayoielewa Clipper na kugeuza .PRG kuwa EXE, inatoa programu ya Windows ya leo bila emuleta yoyote, na fildi ya bei inapanuliwa. Hapo huenda msihitaji kununua kitu kabisa. Mimi ningefurahi iwe hivyo. Kazi iliyowatunzia hesabu tangu 1996 ni kazi ya mtu aliyejua anachofanya.

MhasibuGerezani

Mzee, Mungu akubariki. Nimefanya ile hesabu ya baiti kwa faili la wateja na la bidhaa. La wateja limekubali. La bidhaa limezidi, na ziada inagawanyika sawasawa kwa urefu wa rekodi. Sijaligusa.

Mjane wa marehemu anakaa Mbagala, bosi anamfahamu, tutakwenda Jumapili. Swali la mwisho: bosi anataka ile kompyuta ya Windows 7 isafishwe apewe mtoto wake wa shule. Nimwambie nini?

Fundi_DBF_Keko

Mwambie amnunulie mtoto nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na kumbukumbu ambayo hakuna mashine ya kuifungua haimsaidii mkaguzi. Itoeni kwenye mtandao, ibaki kama ilivyo. Pamoja na hiyo, nakili folda nzima, EXE na NTX vikiwemo, kwenye diski mbili: moja ofisini, nyingine nyumbani kwa bosi. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na kuna wafanyabiashara ambao daftari lilikuwa humo humo na mali.

Hilo la bidhaa lililozidi ni jambo jema, hizo rekodi zipo. Fanyia kazi kwenye nakala, usiguse la asili. Gawanya ziada kwa urefu wa rekodi upate ni ngapi, uongeze kwenye idadi iliyoko kichwani mwa faili, jenga indeksi upya, kisha zisome moja moja na watu wa stoo. Niandikie hapa zikionekana, na kama .PRG zitapatikana Mbagala, nitumie orodha ya majina ya mafaili kabla mtu hajayafungua.